Nani Anapika Humo?

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, Makumbusho ni stendi ya daladala. Konda anaita, watu wanashuka, wanakimbilia gari lingine. Mimi mwenyewe nilipofika chuo kutoka Tunduma nilipita pale karibu mwaka mzima bila kujiuliza hapo kinachokumbukwa ni kitu gani. Halafu bibi yangu akaja mjini kutibiwa macho, akapangiwa kusubiri siku tatu, na mimi sikuwa na hela ya kumtembeza mahali. Bumu lilikuwa bado halijaingia. Nikasema basi, ngoja nimpeleke Makumbusho ya Kijiji, kiingilio cha Mtanzania hakiumizi.

Bibi alikulia kwenye nyumba ya miti, udongo na nyasi kule Mbozi, kwa hiyo nyumba za asili hazikumshangaza. Aliingia kwenye mojawapo, akashika nguzo, akatazama juu kwenye paa, akainama kuangalia mafiga. Akaniuliza, "Nani anapika humo?"

Nikamwambia, bibi, hii ni makumbusho, hapikwi. Akanitazama kama anavyonitazama nikisema kitu cha kitoto. Akanieleza kwamba nyumba ya nyasi inaishi kwa moshi. Moshi ukipanda kila siku unakausha nyasi, unazipaka masizi, na wadudu hawazikai. Nguzo nazo hivyo hivyo. Nyumba isiyopikwa mchwa wanaianza chini na mvua inaimalizia juu. Kijana aliyekuwa anatuongoza alicheka, akasema bibi ana haki, na akamwambia arudi siku za utamaduni atakuta moto unawaka.

Wengi wetu tukisikia nyumba ya makumbusho tunawaza kitanda kilichozungushiwa kamba, picha za ukutani na kibao cha "Usiguse". Nyumba za namna hiyo zipo na zina kazi yake. Lakini kuna namna nyingine ya kuendesha nyumba ya kihistoria, na watu wa mambo ya urithi wanaiita historia hai: unaleta watu wanaofanya ndani ya nyumba kile ambacho nyumba ilijengewa. Wanasaga, wanafua chuma, wanaozesha, wanaomboleza. Na hawafanyi kila siku kama sinema, wanafanya kwa msimu wake. Wazungu huwa wanataja Skansen pale Stockholm, mahali ambapo Artur Hazelius alianza mwaka 1891 kukusanya nyumba za wakulima kutoka sehemu mbalimbali za Sweden, akaweka humo watu wa kuonyesha kazi na sikukuu za majira. Sisi wa huku tulipokuwa tunatambika baada ya mavuno tulikuwa tunafanya historia hai bila kuiita hivyo, ila hilo ni jambo jingine.

Makumbusho ya Kijiji yalifunguliwa mwaka 1967, kando ya Barabara ya Bagamoyo, yakiwa na nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania Bara. Kwa muda mrefu nyumba zilikuwa kitu cha kutazama, pamoja na ngoma za jioni. Kilichonivutia zaidi ni kilichoanza mwaka 1994: siku za utamaduni, ambapo jamii moja inaalikwa kuja kujionyesha yenyewe kwa siku kadhaa. Wanakuja wazee, wapishi, wacheza ngoma, waganga, mafundi, na watu wa jamii hiyo waliozagaa jijini wanajikusanya. Hapo mambo yanageuka kidogo. Siku za kawaida anayejua ni mwongozaji, na mgeni ni mgeni. Siku ya utamaduni, mama aliyetoka kijijini kwake anaingia ndani ya nyumba na kumwambia mtaalamu mwenye shahada kwamba chungu hiki hakikai upande huu. Mtaalamu anaandika. Na moto unawashwa.

Sasa ukitaka kuona msimu unavyobeba nyumba, nenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Pale kuna Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padri wa Shirika la White Fathers kutoka Quebec, David Clément, aliyefika miaka ya 1950 akaanza kwa kukaa na wazee kukusanya nyimbo na desturi kabla ya kujenga. Kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na jengo la vitu vya watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Vitu ni vizuri. Lakini Bujora haijulikani Usukumani kwa sababu ya vitu vilivyopangwa ndani, inajulikana kwa Bulabo.

Bulabo inaangukia sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mara nyingi Juni. Jina lenyewe linahusu maua, yale yaliyotumika kupamba njia ya maandamano ya sikukuu. Juni kule watu wanakuwa wametoka shambani, kuna chakula, kuna nafasi, na hata zamani huo ndio ulikuwa wakati wa mashindano ya ngoma. Clément hakubuni mashindano, aliyakuta. Wasukuma walikuwa na vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vinavyofuata upinzani wa mafundi wawili wa dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kanuni ya mashindano ni rahisi kiasi kwamba hata mimi niliielewa mara moja nilipoelezwa: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, yakitazamana, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Anayevuta watu wengi ameshinda. Ndiyo maana wanakuja na nyoka, vichekesho, mavazi mapya, na kila kundi na dawa zake za kuvuta umati. Hakuna jopo la majaji wenye chupa za maji mezani.

Ninalipenda sana jambo hili kwa sababu linajibu lawama moja ya kawaida, kwamba maonyesho ya utamaduni ni maigizo ya watalii. Bulabo mtalii akija karibu, asipokuja ngoma inachezwa. Mtazamaji anayehesabika ni Msukuma anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine huku akiwazomea majirani zake.

Kuna siku nyingine hazina shangwe. Songea, Makumbusho ya Majimaji yana wiki yake ya Februari, na kilele ni tarehe 27, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wengi wa Kingoni, na wanaotajwa kwenye kumbukumbu ni 67. Wanakuja wazee wa Kingoni na ngao na mikuki, wanaweka silaha za asili na mashada kwenye kaburi la pamoja. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika palepale akaomba msamaha. Naamini asingekuwa na mahali pa kusimama kama watu wa Songea wasingekuwa wameitunza siku ile mwaka hadi mwaka.

Ila hapa ndipo historia hai inapoanza kuwa ngumu, kwani je, kunyongwa nako kunaigizwa? Marekani walilijaribu jambo la karibu na hilo. Williamsburg, Virginia, ni mji mzima wa makumbusho, watu wanavaa nguo za karne ya 18 na kufanya kazi za wakati huo. Oktoba 1994 idara yao ya historia ya Wamarekani weusi, ikiongozwa na Christy Coleman, iliigiza hadharani mnada wa watumwa, na Coleman mwenyewe alisimama kuuzwa. Watu wa haki za kiraia walikuja kupinga, wakisema mateso ya mababu hayageuzwi burudani. Baadhi ya waliokuja kupinga walibadili mawazo baada ya kuona, wengine hawakubadili. Nimelifikiria sana suala hili na nimeegemea upande wa Songea: mateso yanakumbukwa kwa kaburi, silaha na ukimya, huku kazi na chakula vikionyeshwa kwa mikono. Najua wapo wenzangu darasani wasiokubaliana nami. Mmoja ameniambia woga wangu ndio unaofanya vitabu vyetu viwe vya baridi. Anaweza kuwa sahihi.

Mimi nimeshaaibika kwenye mambo haya, na ngoja niseme ili msome mkijua. Nilipokuwa kidato cha tano tuliandaa siku ya utamaduni shuleni. Kundi letu tulipewa kuonyesha kusaga ulezi kwa jiwe. Tukatafuta jiwe, tukalipata kwa bibi wa mwanafunzi mmoja, tukaliweka juu ya meza ya darasani ili wageni waone vizuri. Msichana mmoja akasimama akawa anasaga, mwingine anaimba. Unga wenyewe tulikuwa tumenunua tayari, tukawa tunaumwaga kidogo kidogo pembeni. Wageni wakapiga makofi. Halafu mama mmoja mtu mzima akanyanyuka kutoka nyuma, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Wanangu, nani anasagia mezani?"

Akaja mbele. Akatutaka tulishushe jiwe, akapiga magoti nyuma yake, akaliinamisha kwa kuweka kijiwe upande mmoja ili unga ushuke mbele, akaonyesha kwamba nguvu haitoki kwenye mikono, inatoka kiunoni. Akaimba wimbo ambao haukuwa ule wetu, wa polepole zaidi, kwa sababu mwendo wa jiwe ndio unaoupa wimbo mwendo wake. Dakika tano zile nilijifunza kuliko wiki mbili za maandalizi. Na kilichoniuma ni kwamba kama yule mama asingekuwepo, mamia ya watoto wa shule wangeondoka wakijua kwamba bibi zao walisaga wamesimama.

Basi turudi nyumbani. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, na watu wengi wakiusikia wanawaza foleni ya malori Tunduma. Kwenye mambo ya kale tuna kitu kimoja ambacho dunia inakijua: Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, uzito wake unatajwa kuwa tani 12 au zaidi, na takribani asilimia 90 yake ni chuma, kilichobaki kwa sehemu kubwa nikeli. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa ulimwengu, japo wenyeji hawakuwa wakisubiri kutangaziwa. Leo kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Na kina siku yake ya mwaka, kwa sababu Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 30 Juni kuwa siku ya vimondo duniani, kukumbuka mlipuko wa Tunguska, Siberia, wa mwaka 1908. Siku hizo watu wanakusanyika Mbozi, kuna mbio, kuna ngoma, kuna viongozi, kuna nyama choma.

Mimi sina ugomvi na mbio. Lakini angalia kalenda. Tarehe 30 Juni Mbozi mvua imekwisha miezi miwili, mahindi yanavunwa, ulezi umeshakatwa, kahawa imeanza kuiva. Ndio wakati wa pombe ya ulezi na wa harusi. Na kuna kubwa zaidi. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wayeyushaji wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru refu la udongo, wakafua majembe yaliyouzwa hadi kwa majirani zao. Wafipa upande wa pili walifanya kazi ya namna hiyo. Kuyeyusha chuma ni kazi ya kiangazi, kwa kuwa inataka mkaa mkavu, udongo mkavu, na watu ambao hawana jembe mkononi. Maana yake siku ambayo dunia imetupa kusherehekea chuma kilichotoka angani imeangukia karibu kabisa na msimu ambao babu zetu walitoa chuma ardhini. Sherehe ya namna hiyo hata ungekaa chini kuipanga usingeipata. Weka pale Ndolezi nyumba moja ya mhunzi, na mafiga yanayopikiwa, na tanuru linalojengwa upya kila Juni na wazee ambao bado wanakumbuka walichoambiwa na baba zao. Mtoto anayeshuka kwenye basi la shule aguse kimondo, halafu atembee hatua hamsini akaone udongo mwekundu unavyogeuka chuma. Kwenye mambo haya wenzetu wa Bujora na Kijitonyama wameshatuonyesha njia, hatuanzi sifuri.

Ugumu ni kwamba wanaojua ni wachache na sheria haikimbii kuwasaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa au kutengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kilicho cha baada ya hapo kinalindwa kama kimetangazwa rasmi. Nyumba ya udongo ya Mbozi yenye miaka 60 haipo popote kwenye orodha hiyo. Watoto wakipata hela ya bati wanaibomoa, na siwalaumu, mimi mwenyewe nimekulia chini ya bati na sikutamani nyasi.

Kwa Tunduma mjini hali ni tofauti, na hapa nitasema kitu ambacho baadhi yenu mtaona ni cha ajabu. Nyumba yetu ya historia ni stesheni. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na reli ilifika mpakani kwetu mwaka 1973. Makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi pamoja na mafundi wa Kichina. Mji huu wa malori, wabadili fedha na chipsi mayai ulikua kando ya reli na barabara ya Zambia. Wachina waliofia kazini wana makaburi yao nje kidogo ya Dar es Salaam, na kila Aprili, msimu wao wa kuwakumbuka marehemu, watu wanakwenda kuweka maua. Hilo nalo ni tukio la msimu, dogo, lisilo na ngoma, na halikosi.

Sisi upande wetu hatuna siku. Na ukifanya hesabu, kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofika Tunduma sasa amevuka 70. Jirani yetu mmoja aliyebeba mataruma alifariki mwaka jana. Alikuwa anajua maneno kadhaa ya Kichina, tulipokuwa wadogo tulikuwa tunamcheka akiyasema. Hakuna aliyeyaandika. Sasa kuna mpango mkubwa wa kuifufua reli, na ninaufurahia kwa sababu barabara yetu imechoka kwa malori. Ila reli ikifufuliwa, mabenchi ya zamani, kengele, vitabu vya tiketi na vibao vya mbao huwa ndio vya kwanza kutupwa. Chumba kimoja cha stesheni na siku moja kwa mwaka vingetosha kuanzia, na kwa kuwa waliofanya kazi hiyo bado wapo, hatuna haja ya kuwavalisha vijana nguo za zamani waigize. Tuwaite wenyewe wakae, waeleze, wakosoane.

Nilipokuwa naandika haya nilimpigia bibi kumuuliza kama anawajua wazee waliojenga reli upande wa Vwawa na Mlowo. Nilitaka majina tu. Akanyamaza kidogo, akasema mbona yeye mwenyewe alikuwepo. Alikuwa msichana, alikuwa anachemsha viazi na mahindi anapeleka kambini na dada yake, na siku za mwisho wa mwezi walikuwa wanapeleka mara mbili. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuona kama ni historia. Nikamwambia bibi subiri nichukue kalamu, unieleze mlivyokuwa mnapika kwa watu wengi namna ile.

"Nikueleze au nikuonyeshe?" akasema. "Kwa simu siwezi kukuonyesha."

Likizo inaanza Julai. Nauli nimeanza kuitafuta.